Dawa za mswaki zipimwe, sawa, ila tunatafuta nini humo ndani?

Kuna maneno yanazunguka kila baada ya muda, yanapotea alafu yanarudi, kwamba dawa fulani za mswaki zimewekwa nikotini au kitu kingine cha kulevya kwa siri ili mtu akishaizoea asihame, akijaribu kubadili anapata kama ka-arosto hivi, mdomo unamkataa kabisa. Wapo wanaosema huo ni uzushi wa watu waliokosa kazi ya kufanya. Na wapo wanaosema basi tuyamalize, kila dawa ya mswaki, kila poda ya meno, kila maji ya kusukutua yabebwe yapelekwe maabara na majibu yabandikwe hadharani kila mtu asome. Mimi nilikuwa upande wa hawa wa mwisho kwa muda mrefu tu, maana ukiisikia hiyo hoja unaona ni akili ya kawaida, nani atakataa vitu vinavyoingia mdomoni visipimwe? Ila kadri nilivyozidi kusoma ndo nikaona "pima kila kitu" ni rahisi sana kuisema, na saa nyingine ndo inayowapa mwanya wale wale tunaotaka kuwakamata.

Tuanze na nikotini maana ndo inayopigiwa kelele zaidi, na kiukweli siyo stori ya kutunga. India kuna mazoea ya miaka mingi ya kusafishia meno vitu vya tumbaku. Kuna mishri, hii ni tumbaku inakaangwa mpaka inakuwa nyeusi alafu inasagwa, kuna gul, kuna gudakhu ambayo ni tumbaku na molasi vimepondwa pamoja mpaka ikawa kama ugali laini, na kuna ugoro wa krimu ambao unauzwa ndani ya tyubu kabisa kama dawa ya mswaki, una mafuta ya karafuu, gliserini, minti, kafuri, na maelekezo yake yanakwambia uiache mdomoni kidogo kabla hujasukutua. Hiyo ya kuiacha mdomoni haihusiani na meno hata kidogo, ni kuipa nikotini muda wa kupenya. Sasa serikali ya India ilipiga marufuku tumbaku kwenye dawa na poda za meno mwaka 1992, na mwaka 2011, karibu miaka 20 baadaye, watafiti wa chuo cha famasia cha Delhi kinachoitwa DIPSAR wakatangaza wamepima bidhaa za sokoni na baadhi wamekuta zina nikotini. Kampuni zikaruka. Kwahiyo yule anayesema "haiwezekani, sheria ipo" huyo anaongea kama vile sheria ina macho na miguu inatembea dukani yenyewe.

Lakini ngoja. Utetezi unaotolewaga kwenye kesi za namna hii nao siyo wa kutupa moja kwa moja. Nikotini ipo kwenye nyanya, ipo kwenye bilinganya, ipo kwenye viazi, mimea hii ni ukoo mmoja na tumbaku, kwahiyo mashine nzuri ya kisasa ukiipelekea kitu chenye mchanganyiko wa mimea inaweza ikakupigia kengele "nikotini imeonekana" na isiwe na maana yoyote. Nyanya ina nanogramu chache kwa gramu moja. Nanogramu ni sehemu moja ya milioni ya miligramu. Mvutaji anapata kama miligramu 1 hivi kwa sigara moja, piga hesabu mwenyewe ule nyanya kilo ngapi ufikie hapo, utapasuka tumbo kabla hujapata stimu. Ndo maana mtu akinambia dawa fulani "imekutwa na nikotini" bila kunipa namba mi huwa hata sijui nikasirike au nicheke, ni kama kuniambia gari lilionekana likitembea. Kwa spidi gani?

Na hata namba peke yake haitoshi, hapa ndo pananogaga. Nikotini inapenya kwenye ngozi laini ya mdomo vizuri zaidi kama mazingira yana ualkali, yakiwa na asidi inakwama. Ndo maana wale wanaotumia bazoka za nikotini kuacha sigara wanaambiwa wasinywe kahawa wala soda dakika 15 kabla ya kutafuna. Sasa dawa nyingi za meno zina unga wa chokaa kwa ajili ya kusugua, na chokaa inavuta kwenye ualkali, yaani kama kweli kuna mtu ameweka nikotini humo basi mazingira yanamsaidia. Upande wa pili wa shilingi, mswaki unapiga dakika mbili ukijitahidi sana, wengi hata hiyo moja haifiki, alafu unatema. Kwahiyo kuna tofauti kubwa kati ya poda ya tumbaku yenye miligramu kadhaa kwa gramu ambayo mtu anaisugulia mara tano kwa siku na kuiacha mdomoni, hiyo ni uraibu wa wazi kabisa hauna mjadala, na dawa ya mswaki ya kawaida yenye chembe iliyoingia bahati mbaya. Watu wanazichanganya hizi mbili makusudi. Wanaopiga kelele wanatumia ya kwanza kututisha na ya pili, na wenye kampuni wanatumia ya pili kuisafisha ya kwanza.

Alafu ile arosto watu wanayoisema wakibadili dawa? Mi naona haina kitu cha siri. Minti ina mentoli, mentoli inagusa mishipa inayohisi ubaridi, mdomo haujapoa hata nyuzi moja ila ubongo unaambiwa umepoa. Ile sabuni ya povu nayo inavuruga ladha, ndo maana ukinywa juisi ya machungwa baada ya mswaki unaona chungu. Mtu aliyezoea baridi na povu miaka 15 ukimpa kitu kisicho na povu atakwambia hajaswaki. Ni mazoea. Ukitaka kuyaita uraibu basi na chumvi kwenye chakula uite uraibu.

Kitu kinachonichekesha kwenye huu mjadala ni jinsi watu wanavyoamini vilevi vya mdomoni lazima vifichwe. Zamani havikufichwa, vilikuwa ndo tangazo lenyewe! Mwaka 1885 Marekani kulikuwa na matone ya kokeini ya maumivu ya jino, yametangazwa kwa picha ya watoto wanacheza. Kulikuwa na dawa ya maji ya kutuliza watoto wanaoota meno, ndani ina mofini. Poda za watoto wanaoota meno zilikuwa na zebaki mpaka miaka ya 1950 na watoto wakawa wanaugua mikono na miguu inakuwa ya pinki inawauma, madaktari walihangaika miaka na miaka kujua chanzo kumbe ni hiyo poda mama anayompaka mwanae kwa mapenzi. Hakuna maabara ya siri iliyohitajika kujua kuna nini ndani, kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kama hicho kilichomo kinafaa.

Na hii inanileta kwenye tukio ambalo kwangu ndo lenye funzo kubwa kuliko hayo mengine yote.

Panama, mwaka 2006. Watu wanaanza kufa kwa ugonjwa wa ajabu, figo zinagoma, na baadae inajulikana ni dawa ya kikohozi. Gliserini iliyotumika kuitengenezea haikuwa gliserini, ilikuwa daiethilini glaikoli, DEG kwa kifupi, kimiminika kitamu kizito kinafanana na gliserini kwa macho na kwa ulimi ila ni sumu ya figo, kilitoka China kikapitia kwa madalali Ulaya na karatasi zake zinasema ni gliserini safi ya asilimia 99.5. Walikufa zaidi ya watu 100. Sasa mwaka uliofuata, mwezi wa tano 2007, bwana mmoja anaitwa Eduardo Arias, mtu wa kabila la wenyeji wa Panama linaloitwa Kuna, yuko zake dukani anaangalia vitu, anashika tyubu ya dawa ya mswaki ya bei ya chini, anasoma lebo, anaona neno dietilenglicol limeandikwa pale pale. Halijafichwa. Amelikumbuka kwasababu ya msiba wa mwaka uliopita. Akanunua akapeleka ofisi ya afya, akaambiwa nenda ofisi nyingine, kule nako akazungushwa, ila hakukata tamaa. Baadae ikajulikana hizo dawa zimesambaa nchi zaidi ya 30, na mwezi wa sita FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ikawatangazia watu waachane na dawa za mswaki zilizotoka China, vipimo vyao vilikuta DEG asilimia 3 mpaka 4 kwenye baadhi.

Angalia vizuri hapo. Dawa ya kikohozi, karatasi zilidanganya, hapo bila maabara huwezi kujua kitu, ungesoma lebo mpaka macho yatoke. Dawa ya mswaki, lebo ilisema ukweli, na maelfu ya watu wakapita nayo kaunta, wakaguzi wa bandarini wakaipitisha, wenye maduka wakaipanga. Sumu ile ile, matatizo mawili tofauti kabisa, na anayekwambia suluhisho ni moja la kupima kila kitu ameangalia nusu ya stori.

Tuwe waungwana pia, upande wa pili nao ulikuwa na la kusema. Mamlaka za China mwanzoni zilijitetea kwamba kiasi hicho kwa mtu anayetema hakina shida, na kweli FDA yenyewe ilisema haina taarifa ya mtu aliyedhurika Marekani kwa dawa hizo za mswaki. China ikapiga marufuku hata hivyo mwezi wa saba mwaka huo huo. Mi nawaelewa wanaosema marufuku ilikuwa ya kisiasa kuliko ya kitabibu, ila kuna kitu hoja yao inaruka: mtoto wa miaka mitatu hatemi. Anaipenda, ni tamu, anameza. Na mwenye figo mbovu je? Kipimo cha "mtu anayetema" ni kipimo cha mtu mmoja wa kwenye makaratasi.

Kipindi hicho hicho zikakamatwa Colgate feki Marekani, na hazikuhitaji mashine, zilisaliti kwa tahajia. Afrika Kusini kwa Kiingereza imeandikwa "South Afrlca", herufi l badala ya i. Maabara ilikuja baadae kuthibitisha, mwenye macho alishajua.

Nihamie kwenye metali maana ndo kelele mpya. Mwaka 2025 mwanaharakati mmoja wa Marekani wa mambo ya risasi, namaanisha yale madini siyo ya bunduki, alipeleka dawa za meno 51 maabara, na karibu asilimia 90 zikakutwa na risasi, nyingi pia zikiwa na arseniki. Watu wakachanganyikiwa. Upande mmoja ukasema tumeuawa, upande mwingine ukasema viwango viko chini sana ya kikomo cha FDA, nyamazeni. Wote wananikera kidogo. Tufanye hesabu wenyewe, siyo ngumu. Chukua dawa yenye risasi sehemu 500 kwa bilioni, hiyo ni maikrogramu 0.5 kwa kila gramu. Mtu mzima anaweka kama gramu 1 kwenye mswaki, mara mbili kwa siku, akimeza yote (na hamezi) anapata maikrogramu 1. Mtoto akiwekewa ya ukubwa wa punje ya njegere, robo gramu hivi, mara mbili, akameza yote, anapata maikrogramu 0.25. FDA hiyo hiyo kwa upande wa chakula inatumia alama ya maikrogramu 2.2 kwa siku kwa watoto kama kiwango ambacho ikizidi inabidi washtuke. Kwahiyo ni kama sehemu moja ya tisa ya hiyo alama, kutoka kwenye kitu kimoja tu, na mtoto anakula vitu vingine, anapumua vumbi, anashika rangi za ukutani. Siyo janga. Siyo sifuri. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na hapo mwenye kampuni anayesema "tuko chini ya kikomo" inabidi aulizwe swali la pili: hicho kikomo kiliwekwa kwa kuangalia figo na ubongo wa mtoto au kwa kuangalia nyie mnaweza kufikia wapi bila gharama? Maana risasi haiwekwi na mtu, inakuja na malighafi, udongo wa bentonaiti, chokaa, vitu vinavyochimbwa ardhini, na wanaouza vitu vya "asili" ndo wanapenda sana huo udongo. Ukichagua udongo msafi unapata dawa safi. Ni suala la bei tu ya gunia.

Sasa hoja ya wanaopinga upimaji wa kila kitu, ambayo watu wengi hawataki kuisikia. Kwanza mashine haijibu swali ambalo hujaiuliza. Ukipima nikotini utapata jibu la nikotini, DEG itapita mbele yako inapunga mkono. Kumbuka maziwa ya China mwaka 2008, protini ilikuwa inapimwa kila siku, kwa kuhesabu naitrojeni, matapeli wakaweka melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki yenye naitrojeni kibao, kipimo kikafaulu na watoto wakaharibika figo. Walidanganya kipimo kwasababu walikijua. Pili ni kwamba sampuli ya leo ni ya toleo la leo, mzigo wa mwezi ujao unatoka kwa muuzaji mwingine wa malighafi, cheti kilichoning'inizwa ukutani hakijui hilo. Tatu, na hii ndo inaniumaga, kelele zikizidi bila namba watu wanaacha dawa yenye floridi, ile madini inayokinga meno yasioze, wanakimbilia mkaa, udongo, poda ya kuchanganya jikoni, vitu ambavyo ndo havijapimwa kabisa. Kuoza meno siyo jambo la utani, makadirio ya Shirika la Afya Duniani ni watu kama bilioni 2 wenye meno ya ukubwani yaliyooza. Floridi yenyewe nayo inatajwa kwenye orodha ya "sumu zilizofichwa" wakati imeandikwa kwenye boksi na kiasi chake, sehemu 1,450 kwa milioni na kadhalika, mtoto mdogo awekewe kidogo ili meno yasiwe na madoa, basi. Kitu kilichoandikwa kwa herufi na namba kimefichwaje?

Ila nisiwape wapingaji ushindi wa bure. Kuna vitu kama vile vidonge vya watoto wanaoota meno vyenye beladona, vilivyouzwa kama tiba mbadala kwamba ndani kuna kiasi kidogo mno cha mmea hadi hakina madhara. Mwaka 2017 FDA ikavipima ikakuta kiasi hakilingani kidonge na kidonge, vingine vimezidi kwa mbali kilichoandikwa. Beladona ni sumu ya kueleweka. Pale msomaji mzuri wa lebo asingeokoka, na daktari asingeokoka, ni maabara tu. Na mwaka 2022 DEG ile ile ikarudi kwenye dawa za kikohozi za watoto, Gambia wakazika watoto kama 70, miaka 15 baada ya wote kusema tumejifunza. Kipimo cha kuijua DEG kwenye pipa la gliserini kipo, siyo kipya, siyo cha anasa. Kuna mtu hakukifanya.

Kwahiyo nilipofikia mimi ni hapa: pesa ya upimaji ipelekwe kwenye pipa na kwenye gunia kabla kitu hakijawa dawa ya mswaki, hapo pipa moja linakuonyesha maelfu ya tyubu kwa mkupuo. Dukani wapime pia ila kwa kuvizia, wanunue kama mteja yeyote bila kumpigia simu mwenye kiwanda aandae sampuli nzuri, na wakitangaza watoe namba, namba ya toleo, na kiasi ambacho mtu angemeza kweli. Kinachonipa shida ni nani alipe. Akilipa mwenye kampuni hatuamini, ikilipa serikali bajeti inakatwa mwaka wa pili, akilipa mwanaharakati anahitaji habari kubwa ili apate mchango wa kipimo kinachofuata, na "tumepima tukakuta kawaida" haijawahi kuwa habari kubwa. Sina jibu zuri la hili.

Lakini kwa swali lenyewe lililoanzisha maneno yote haya, la uraibu, mi nashangaa kwanini watu wanang'ang'ana na tyubu. Mwili ukipata nikotini unaigeuza kuwa kotinini, na kotinini inakaa, nusu yake ndo inaisha kwa kama masaa 16, kwahiyo hata kesho yake bado ipo kwenye mkojo. Chukua watu wasiovuta, wasiokaa na wavutaji, wanaoapa kwamba hawawezi kuishi bila dawa fulani ya mswaki, wape vikopo wakojoe. Waendelee nayo wiki, wabadili wiki, wakojoe tena. Nyanya hazitaleta namba ya kukusumbua. Kama kuna mtu anawalisha nikotini asubuhi na usiku itaonekana hapo, na kama haipo, basi walichokuwa wanakililia ni minti.